Gofu na Haki ya Mtazamaji

Miongoni mwa michezo yote ambayo wanadamu hutoa fedha zao ili waitazame, sidhani kama upo mmoja unaomnyima mtazamaji wake kama gofu. Shabiki wa kandanda, hata akiketi ngazi ya juu kabisa ya uwanja, huuona mpira tangu kipenga cha kwanza hata cha mwisho. Shabiki wa ndondi huliona kila konde. Lakini shabiki wa gofu aliyelipa kiingilio, akaraukia uwanjani alfajiri na kupanda na kushuka vilima mchana kutwa, aweza kurejea kwake jioni hali hakuuona hata mkwaju mmoja wa yule aliyetwaa ubingwa, kwa kuwa wachezaji tisini, na pengine zaidi ya mia moja na hamsini, wametawanyika katika mashimo 18, kila kundi na saa yake, na jicho halikuumbwa kutazama shimo la 2 na shimo la 16 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mashabiki wa mchezo huu hunung'unika sana, na kwa sababu hiyo hiyo manung'uniko yao hupuuzwa: huambiwa kwamba hiyo ndiyo tabia ya gofu, na asiyeridhika na akatafute mchezo mwingine.

Jawabu hilo mimi silikubali. Ukiyachambua malalamiko ya watu wanaofuatilia yale mashindano manne makuu ya gofu ya wanaume, wawe wale wanaokwenda uwanjani au wale wanaokaa mbele ya televisheni, utaona kwamba machache tu yatokana na maumbile ya mchezo, na yaliyobaki, nayo ndiyo mengi, yatokana na hiari ya wenye mashindano. Matangazo ya biashara yanayokatiza mkwaju, chakula na vinywaji vinavyouzwa kwa bei ya dhuluma, mahali pa kusimama pasipoonekana kitu, na picha zilizofungiwa nyuma ya malipo, yote hayo yameamuliwa na watu mezani, na yaweza kuamuliwa vingine. Shahidi wangu ni wa ajabu kidogo, kwa kuwa ni klabu ambayo kwa mambo mengine mengi haistahili sifa: Augusta National, huko Georgia, Marekani, nyumbani kwa mashindano ya Masters.

Klabu hiyo iliasisiwa na Bobby Jones, bingwa wa zama zake aliyecheza maisha yake yote kwa ridhaa bila ya ujira, pamoja na Clifford Roberts, mtu wa fedha, juu ya ardhi iliyokuwa kitalu cha miche, na mashindano yake yakaanza mwaka 1934. Hata leo klabu haitangazi idadi ya watazamaji wanaoingia, wala haiuzi tiketi ovyo: mwombaji huandika jina lake na kungojea kura, na wapo waliongojea miaka mingi bila ya kuitwa. Lakini aliyebahatika kupita langoni hukuta mambo ambayo mahali pengine yamekwisha kusahaulika. Mkate uliotiwa jibini na pilipili tamu huuzwa kwa dola moja na nusu. Kukimbia ni marufuku, hata kama unayemtaka yuko kilima cha pili. Asubuhi mtu huweka kiti chake cha kukunja kando ya grini ya shimo la 18, akaenda zake kutembea nusu ya siku, na arudipo hukikuta mahali pale pale. Na kama mgeni amekikalia, ada ya mahali ni kwamba mgeni huinuka kwa upole, hapana ugomvi wala maneno. Jones mwenyewe aliandika waraka wa adabu kwa watazamaji, ambao hadi leo hugawiwa, na ndani yake huwaonya kwamba kushangilia kosa la mchezaji au msiba uliompata ni jambo la aibu. Mtu aliyezoea viwanja vya kandanda, ambako kosa la mpinzani ndiyo karamu yenyewe, atacheka. Lakini nadhani akisimama pale saa moja atafahamu kwamba adabu ile humfaa mtazamaji kuliko inavyomfaa mchezaji, maana humwezesha kumtazama kila mmoja anayepita bila ya kulazimika kumchukia.

Jambo linalozusha mabishano makubwa zaidi, hata hivyo, ni la simu. Katika Augusta simu ya mkononi haiingii, na anayekamatwa nayo hutolewa nje. Aliye na haja ya kuzungumza na nyumbani amewekewa simu za mezani pale uwanjani, apige bure. Wapo mashabiki wanaoiita amri hiyo udikteta wa matajiri, na hoja zao si nyepesi: mzazi aliyemwacha mtoto mgonjwa, mfanyabiashara asiyeweza kupotea siku nzima, kijana ambaye kwake jambo lisilopigwa picha ni kama halikutokea. Nami naziheshimu hoja hizo, lakini nasimama upande wa amri. Tazama nini hutokea pasipo simu. Ubao wa matokeo huendeshwa kwa mikono ya watu walio nyuma yake, na tarakimu moja ikiondolewa ili nyingine iwekwe, maelfu ya watu walio karibu na shimo la 12, lile fupi la yadi 155 ambalo kijito cha Rae hupita mbele ya grini yake, hunyamaza wote pamoja, kisha huguta au huguna kwa habari iliyotoka nusu maili mbali. Wazoefu husema hutambua kwa masikio tu ngurumo ya mtu aliyeokoa mkwaju mmoja na ya aliyeokoa miwili, na hutambua pia imetoka bonde lipi. Habari husafiri kwa sauti za watu, ikichelewa kidogo, na kule kuchelewa ndiko kunakoifanya iwe tamu.

Anayetaka kupima tofauti na alinganishe siku mbili za mtu mmoja katika jimbo moja. Mwezi Septemba 2018, katika uwanja wa East Lake mjini Atlanta, Tiger Woods alipokuwa akielekea kwenye ushindi wake wa kwanza baada ya miaka mitano, umati ulimwagika nyuma yake uwanjani kama maji yaliyovunja boma, na wengi wao walikuwa wameinua simu, kila mmoja akimtazama kwenye kioo kidogo mtu aliyekuwa hatua chache mbele yake. Miezi saba baadaye, Aprili 2019, Woods huyo huyo, akiwa na umri wa miaka 43 na baada ya kungojea taji kubwa tangu mwaka 2008, alishinda Augusta, akatoka katika grini ya 18 na kumkumbatia mwanawe karibu na mahali pale alipomkumbatia baba yake mwaka 1997. Na katika picha za siku ile utaona nyuso tu, mamia ya nyuso zilizofunguka midomo, na mikono mitupu iliyoinuliwa juu. Kwa wapenzi wa gofu wa Afrika Mashariki siku ile ilikuwa na neema ya pili. Kwa hofu ya tufani mchezo ulitangulizwa asubuhi, na sisi tuliona mwisho wake yapata saa tatu na nusu usiku, ilhali miaka mingine Masters humalizika kwetu usiku wa manane. Rory McIlroy alipompiku Justin Rose mwaka 2025 katika shimo la nyongeza, saa za Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa zimekwisha kupita nane za usiku, na Jumatatu ilikuwa imekwisha kuingia.

Sasa nije kwa wale walio wengi, yaani watazamaji wa televisheni. Kituo cha CBS kimeonyesha Masters tangu mwaka 1956, na mkataba wake, kwa miaka yote hiyo, umekuwa wa mwaka mmoja mmoja. Katika mkataba huo mfupi ndimo zilimo nguvu za klabu: mtangazaji ajuaye kwamba mwakani aweza kunyang'anywa kazi humsikiliza mwenye nyumba. Klabu imeagiza kwamba matangazo ya biashara yasizidi dakika nne katika kila saa, jambo ambalo mtazamaji wa televisheni ya Marekani, aliyezoea kukatizwa kila mara na magari, bima na dawa za maumivu, huliona kama muujiza. Si muujiza. Ni tajiri aliyekubali kupata pungufu ya kile ambacho angeweza kupata. Fedha ambazo Augusta ingezichuma kwa kuuza dakika nyingine kumi za kila saa imeziacha zipite, na badala yake imenunua staha, nayo staha, kwa klabu ya namna ile, ni bidhaa yenye faida yake. Sidai kwamba wameongozwa na mahaba kwa mtazamaji. Nasema tu kwamba mtazamaji amefaidi, na kwamba jambo lililosemwa haliwezekani limewezekana.

Na hapa ndipo kisa kinapokuwa na kejeli ambayo mtunzi wa hadithi asingethubutu kuibuni. Mwaka 2002 Martha Burk, aliyeongoza baraza la jumuiya za wanawake wa Marekani, aliiandikia klabu akiitaka iwapokee wanawake katika uanachama; mwenyekiti wa klabu, Hootie Johnson, akajibu kwa ukali kwamba hawatafanya hivyo kwa kutishwa. Kisha, ili makampuni yaliyodhamini matangazo yasiandamwe na lawama, klabu ikayaondoa yote, na Masters ya mwaka 2003 na ya mwaka 2004 ikaonyeshwa bila ya tangazo hata moja la biashara. Hivyo mashabiki wa gofu walipata siku zao bora kabisa mbele ya televisheni kwa sababu wazee wachache walikataa kuketi meza moja na wanawake. Wanawake wa kwanza, Condoleezza Rice na Darla Moore, hawakuingia hata mwaka 2012. Na mwanachama wa kwanza mweusi alikuwa ameingia mwaka 1990 tu. Lee Elder alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters, mwaka 1975, hali hadi mwaka 1982 kila mchezaji alilazimika kutumia wabeba mikoba wa klabu, nao walikuwa watu weusi. Elder alisafiri mwaka 1997 kwenda kumshuhudia Woods akishinda kwa tofauti ya mikwaju 12, nao wafanyakazi weusi wa klabu waliacha kazi zao wakatoka nje kutazama. Anayeisifu Augusta na akumbuke macho ya watu wale pia, maana walikuwa watazamaji wa zamani kuliko wote, na kwa miaka mingi hapana aliyewauliza wanaonaje.

Wala hata katika utazamaji wenyewe klabu hii si malaika. Kwa miongo mingi ilificha nusu ya kwanza ya uwanja wake, na ni mwaka 2002 ndipo walio nyumbani walipoweza kuwafuata viongozi wa siku ya mwisho katika mashimo yote 18. Ulimi wa mtangazaji nao umefungwa: Jack Whitaker aliondolewa baada ya mwaka 1966 kwa kuuita umati kwa jina lisilopendeza, na Gary McCord mwaka 1994 kwa mzaha juu ya namna grini zilivyong'arishwa, mzaha uliowachekesha wengi walio nyumbani na kuwaudhi wachache wenye funguo. Mtazamaji wa Masters, kwa hiyo, hupewa picha safi na maneno yaliyochujwa. Wengine huona ni biashara nzuri. Mimi ningependa kumsikia McCord. (Ama juu ya sauti za ndege zinazosikika katika matangazo ya gofu, CBS ilikiri mwaka 2000 kwamba katika mashindano mengine ilichanganya milio iliyorekodiwa, baada ya wajuzi wa ndege kuwatambua wasiokaa pande zile; tangu hapo kila ndege wa Aprili hutiliwa shaka, masikini, hata yule wa kweli.)

Ukiondoka Augusta ndipo utajua thamani ya zile dola moja na nusu. Mwaka 2015 Mashindano ya Wazi ya Marekani yalipelekwa Chambers Bay, kando ya bahari katika jimbo la Washington, uwanja wenye miteremko mikali na nyasi zilizokauka, na watu waliolipa kiingilio wakakuta kwamba shimo la 8 limefungwa kabisa kwa watazamaji, na kwamba mahali pengi mtu asingeweza kusimama bila ya kuteleza. Na walio nyumbani, katika mwaka wa kwanza wa kituo cha Fox kuyaonyesha mashindano hayo, wakahangaika kuutafuta mpira mweupe juu ya ardhi iliyopauka. Mwaka 2022, katika PGA Championship huko Southern Hills, Oklahoma, kopo moja kubwa la bia liliuzwa dola 18, na kelele zikawa kubwa hata Justin Thomas, mmoja wa wachezaji, akawatetea mashabiki hadharani, kisha akashinda mashindano yenyewe. Bei ile haikuwekwa na upepo wala na urefu wa shimo. Palikuwa na mtu aliyeketi akakadiria ni kiasi gani mwenye kiu, asiyeruhusiwa kuingia na chupa yake, atavumilia.

Lakini kisa kinachoniudhi zaidi ni cha The Open, mashindano ya Uingereza yaliyo makongwe kuliko yote, yaliyoanza Prestwick, Uskoti, mwaka 1860 kwa wachezaji wanane. Haya, kwa asili yake, ni kinyume cha Augusta. Mchezaji asiye na jina, akiwa na kipaji na ada ya kuingilia, aweza kupita katika michujo na akajikuta Alhamisi asubuhi katika orodha moja na bingwa wa dunia. Viwanja vyake ni vya pwani, vyenye upepo na mchanga, na uwanja wa kale wa St Andrews ni mali ya umma, ambako Jumapili za kawaida watu hutembea na mbwa wao. Na kwa miaka sitini, tangu 1955 hata 2015, BBC iliyaonyesha kwa kila nyumba yenye televisheni, na sauti ya Peter Alliss, ya kivivu, yenye dhihaka na huruma, ikawa kwa Waingereza wengi ndiyo sauti ya mwezi Julai. Kisha R&A, wenye mashindano, wakaiuzia Sky, televisheni ya kulipia, haki ya kuonyesha moja kwa moja kuanzia mwaka 2016. Mwaka ule ule wa kwanza, Royal Troon, Henrik Stenson alipiga mikwaju 63 siku ya mwisho na kumshinda Phil Mickelson katika pambano ambalo wajuzi hulihesabu miongoni mwa makubwa kabisa. Na waliolitazama likitokea walikuwa sehemu ndogo tu ya wale waliozoea kutazama. Klabu iliyofunga milango yake huwaonyesha Wamarekani Masters bila ya kuwatoza, na mashindano yaliyo wazi kwa kila mchezaji yamefungwa kwa mtazamaji.

Sitaki kuwadhulumu R&A. Wao husema kwamba fedha za Sky huwezesha vijana kufundishwa, na kwamba BBC yenyewe ilikuwa imechoka, imepunguza saa zake na haikuonyesha ghera ya kushindania haki hizo. Yote mawili yana ukweli ndani yake. Sky, tena, huonyesha kuanzia mkwaju wa kwanza wa alfajiri hadi wa mwisho wa jioni, kwa ustadi ambao shabiki wa kweli huushukuru; na mimi, niliye mbali na niliyezoea kulipia king'amuzi ili nione hata kandanda ya jirani, si mtu wa kushangaa kwamba kitu kizuri kina bei. Sheria ya Uingereza nayo imewaruhusu: katika orodha ya matukio ya taifa, The Open imewekwa fungu la pili, ambalo huhitaji muhtasari tu uonyeshwe bure, ilhali fainali za Wimbledon na mbio za farasi za Grand National zimo fungu la kwanza. Lakini mchezo unaolalamika kila mwaka kwamba vijana wanaukimbia haupaswi kushangaa kwamba vijana hawaujui, iwapo umeamua kwamba atakayeuona kwa bahati, akiwa amelala kochini Jumapili mchana akibadilisha vituo, hatauona kamwe. Wengi wa wanaoupenda walianza kwa bahati ya namna hiyo.

Wala suluhisho halihitaji kuvunja mkataba wa mtu. Tarehe 14 Julai 2019 Uingereza ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mjini London, na Sky, wenye haki zile, waliiruhusu Channel 4 iionyeshe bure siku ile ile na saa ile ile. Taifa lote likatazama, na sikusikia kwamba Sky ilifilisika. Wiki moja baadaye, Julai 21, The Open ilikuwa Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini, ambako haikuwa imefika tangu mwaka 1951, na Shane Lowry, Mwairishi, akapanda njia ya shimo la 18 akiongoza kwa mikwaju sita, watu zaidi ya 230,000 wakiwa wamepita malangoni katika juma lile. Ambaye hakuwa na tiketi wala hakuwa amelipia Sky, hata kama nyumba yake ilikuwa maili mbili kutoka hapo, hakuuona mwendo ule katika televisheni yake saa ulipokuwa ukitokea. Saa tatu za mwisho za Jumapili moja katika mwaka, zikatolewa bure kwa kila mwenye televisheni: hicho ndicho kiasi ambacho mashabiki wa The Open wangepaswa kukidai katika kila mkataba utakaokuja, nao R&A wasiseme kwamba hakiwezekani.